Nitro kavu ao ya majimaji: angalia kwanza mafuta yatatoka fasi gani

Vijana wa atelye ya mekanike waligombana juu ya jambo hili juma nzima, mupaka wakaleta swali katika biro ya sendika, kama vile sendika ingekuwa garaji. Mumoja iko na motokari ya zamani yenye karibirateri. Wa pili iko na ya Kijapani, ya injeksyo. Wa tatu hana motokari hata moja, lakini ndiye mwenye kusema sana. Wote wameona filme za Marekani: chupa ya bulu nyuma ya kiti, kidole kinafinya butoni, motokari inaruka kama imepigwa teke. "Papa, utuambie, tuweke nitro ya kukauka ao nitro ya maji?"

Niliomba siku kidogo za kusoma na kuuliza wenye kujua. Jibu ndilo hili. Ni refu kidogo, juu feza ya kununua moteri ingine inatoka katika mushahara uleule wenye kulipa minerval ya watoto.

Tuanze na jina, sababu jina linadanganya. Ile gesi ni protoksidi ya azoti. Hospitali zinaijua tangu zamani: inapunguza maumivu na kusaidia kulalisha mugonjwa mbele ya kumupasua. Mwingereza Humphry Davy aliivuta yeye mwenyewe mwaka wa 1799, akacheka, na watu wakaiita gesi ya kuchekesha. Katika mashindano ya motokari wanaiita nitro, lakini haiko nitrogliserini ya baruti, na haiko nitrometani, ile mafuta kali ambayo motokari za Top Fuel za Marekani zinakunywa. Nitrometani inawaka. Protoksidi ya azoti yenyewe haiko mafuta. Kazi yake ni kubeba oksijeni, basi.

Butefe yeyote wa karyeri ataelewa jambo hili mbio kuliko mekanisye. Katika tir yetu, kilo 94 za nitrati ya amonyumu zinachanganywa na kilo 6 za mazutu. Nitrati inaleta oksijeni, mazutu inaleta chakula cha moto. Ukipunguza mazutu, mulipuko unatoa moshi wa rangi ya machungwa, na kila mutu mwenye kuijua kazi anajua kama haifai kurudi chini mupaka ule moshi uishe, sababu ni sumu. Moteri yenye nitro inafuata kanuni hiyohiyo: umeongeza oksijeni, lazima uongeze esansi kwa kipimo chake. Tofauti ni kwamba ndani ya silindri hakuna moshi wa machungwa wa kukuonya. Moto unakuwa mukali sana, mchanganyiko unaanza kupasuka wenyewe mbele ya wakati, na pistoni ya aluminyumu inatoboka. Inatosha sekunde chache tu.

Tena, nitro na baruti yetu ni ndugu wa damu. Usine zinatengeneza protoksidi ya azoti kwa kupasha moto ile nitrati ya amonyumu tunayoijua. Ni kazi ya usine yenye mitambo ya kulinda joto, haiko kazi ya nyuma ya nyumba. Nimeandika vile juu najua kuna mutu ambaye angeuliza.

Sasa hesabu. Katika kilo 100 za hewa kuko kilo 23 hivi za oksijeni. Katika kilo 100 za nitro kuko 36. Tena nitro inakaa ndani ya chupa kama maji, na inapotoka inachemka kwa baridi ya digrii 88 chini ya sufuri, kwa hiyo inapoza hewa yote yenye kuingia katika moteri, na hewa baridi ni nzito, inabeba oksijeni zaidi. Hizo ndizo faida mbili kwa mara moja. Azoti yenye kubakia inafanya kazi ya kutuliza moto kidogo, na ndiyo sababu moteri inaweza kuvumilia.

Sisi wa haut-plateau tunaweza kuelewa haraka kwa nini watu waliitafuta. Kolwezi iko juu ya metre 1.400, Lubumbashi karibu 1.200. Hewa yetu ni nyepesi, na moteri isiyokuwa na turbo inapoteza kwetu zaidi ya sehemu moja juu ya kumi ya nguvu yake, hata kama ni mupya. Katika Vita ya Pili ya Dunia, Wajerumani walikuwa na shida ileile katika ndege, lakini kwa urefu wa maelfu ya metre. Waliweka katika Messerschmitt Bf 109 fulani mutambo ulioitwa GM-1, wenye kupeleka nitro katika moteri fasi hewa inakosekana. Kisha vita, Wamarekani wa mashindano wakachukua wazo. Mwaka wa 1978, Mike Thermos na Dale Vaznaian wakaanzisha kule California kompani ya NOS, na tangu siku hiyo nitro ikawa kitu cha kuuzwa ndani ya kartoni, na mabomba yake, na vis zake, na karatasi ya maelezo. Filme ya 2001, The Fast and the Furious, ilimalizia kazi ya kuitangaza.

Kavu na majimaji, basi. Maji hayako mule hata kidogo. Maneno hayo yanauliza tu kama, katika kolekteri ya hewa, mule mabomba yanagawanya hewa kwa silindri, munapita esansi ao hamupiti.

Katika nitro kavu, bomba linaleta gesi peke yake. Kuta za kolekteri zinabakia kavu. Esansi ya kuongeza lazima itoke katika injekteri zilezile za moteri, na yote inategemea namna ya kuzishawishi zitoe zaidi. Zamani, kwa Ford Mustang ya lita 5, ambayo ilipata injeksyo mwaka wa 1986 na ikawa motokari ya vijana wengi wa mashindano, NOS ilifanya ujanja muzuri: presyo ya gesi yenyewe, ikiisha kupunguzwa, inasukuma regilateri ya esansi. Presyo ya esansi inapanda, injekteri inafunguka muda uleule lakini inamwaga zaidi. Gesi ikikatika, presyo inashuka. Mimi huo mupango ninaupenda, juu kile chenye kuleta hatari ndicho chenye kuleta dawa. Lakini unafika mwisho fasi pompi ya esansi inafika mwisho. Na motokari nyingi za sasa hazina tena bomba la kurudisha esansi katika tanki, kwa hiyo ule ujanja hauna fasi ya kushika.

Namna ya pili ni kupuliza gesi mbele ya kile kifaa chenye kupima hewa. Ndani yake kuko waya moto; hewa ikipita inaupoza, na kompyuta ya moteri inahesabu: "hewa nyingi imeingia, nitoe esansi nyingi." Gesi baridi inaupoza zaidi, na kompyuta inaongeza. Watu wengi wa Chevrolet Camaro na Corvette za mwisho wa miaka ya 1990, zenye moteri LS1, walifanya vile kwa dozi ndogo. Ni kudanganya kompyuta kwa faida yake. Lakini mwenye kudanganywa hahesabu sawasawa kila siku.

Namna ya tatu, na leo ndiyo ya kweli, ni kuandika upya programu ya kompyuta: wakati nitro inafunguka, injekteri zikae wazi muda murefu zaidi, na alumaji ichelewe digrii kadhaa. Hapo nitro kavu ni safi kabisa. Lakini inaomba mutu mwenye kompyuta, programu, na chombo cha kupima moshi wa eshapema, na kichwa cha kuelewa kile anachosoma. Mutu huyo ni wa kulipwa. Na kuko mupaka ambao programu haivuke: kama injekteri zako ziko karibu wazi wakati wote moteri ikifanya kazi kwa nguvu yake yote, hazina tena kitu cha kuongeza. Utanunua zilizo kubwa zaidi, labda na pompi, na bei ya "ndogo" imekuwa bei ya kweli.

Katika nitro ya majimaji, kuko mabomba mawili na elektrovana mbili. Moja inafungulia gesi, ingine inafungulia esansi iliyochukuliwa katika bomba la esansi la motokari. Zinakutana katika pua moja ndogo, ao katika sahani yenye kufungwa chini ya karibirateri, na kuingia pamoja. Kila upande uko na jikleri yake, kile kitundu chenye kipimo. Jikleri mbili zinachaguliwa kama viatu: hii ya gesi na hii ya esansi kwa farasi 50, zingine mbili kwa 75, zingine kwa 100. Injekteri za moteri hazihusike. Kompyuta haihusike sana. Fundi wa zamani ambaye hajagusa kompyuta hata siku moja anaweza kuifunga na kuielewa, na hiyo kwetu haiko jambo dogo.

Ubaya wake uko katika kolekteri. Kolekteri ya motokari ya injeksyo ilitengenezwa kwa kupitisha hewa peke yake. Iko na kona, iko na mabomba marefu, mara mingi ni ya plastiki. Hewa inapiga kona bila shida. Matone ya esansi ni mazito, hayapige kona kama hewa: yanaenda moja kwa moja, yanapiga ukuta, yanatiririka chini na kutulia kama maji kwenye barabara ya kwetu kisha mvua. Silindri moja inapata esansi nyingi, jirani yake inapata gesi nyingi na esansi kidogo. Jirani huyo ndiye atakufa wa kwanza. Kuko kibaya zaidi: esansi iliyotulia pale, pamoja na gesi yenye oksijeni, ikiguswa na moto wenye kurudi nyuma kupitia supape, kolekteri yote inalipuka. Ile ya plastiki inapasuka vipande vipande chini ya kapo. Ndiyo sababu wenye akili hawafungulie nitro ya majimaji mbele ya moteri kufika mizunguko 3.000 hivi kwa dakika, wakati hewa iko na mbio ya kutosha ya kubeba matone.

Kwa motokari yenye karibirateri, hiyo shida karibu haiko. Kolekteri yake ilizaliwa kwa kubeba hewa na esansi pamoja. Sahani chini ya karibirateri, jikleri mbili, basi. Na nitro kavu kwa karibirateri haina maana: hakuna injekteri, hakuna kompyuta, nani ataongeza esansi? Kwa hiyo kwa kijana wetu wa kwanza mashindano ya maneno yameisha. Ni majimaji.

Kuko tena ile yenye pua moja kwa kila silindri, karibu na supape. Ni ya wale wenye kutafuta farasi mamia mengi, kama motokari za Pro Mod kule Marekani zenye kukimbia metre 402 kwa sekunde chini ya sita. Inagawanya sawasawa kuliko zote, na inaomba kutoboa kolekteri mara nyingi kama kuko silindri. Tuiache kwao.

Sasa niseme kama mutu wa sendika, maana sisi tukionyeshwa mashini mupya hatuulize kwanza inazalisha tani ngapi. Tunauliza: siku itakapoharibika, itaharibika namna gani, na nani atakuwa karibu?

Nitro kavu: elektrovana ya gesi isipofunguka, hakuna kitu kinatokea, umepoteza shindano tu. Lakini gesi ikifunguka na esansi isifuate, kwa sababu pompi imechoka ao filtre imejaa taka za esansi ya kidumu, pistoni inatoboka. Nitro ya majimaji: elektrovana ya esansi ikikwama wakati ya gesi inafunguka, ni kifo kilekile. Gesi ikiisha katikati ya mbio na esansi inaendelea, moteri inazama, inatoa moshi mweusi, inakohoa. Mara mingi inapona. Na elektrovana ya gesi ikivuja usiku, ya aina yoyote, asubui kolekteri imejaa, na mutu anageuza ufunguo. Kwa hiyo robine ya chupa inafungwa kwa mukono kila mara ukisimama. Usiitumainie elektrovana peke yake, sawa vile hautumainie breki peke yake kwenye mutelemuko wa karyeri: unaweka kabari.

Munaona kama, kwa zote mbili, adui ni mumoja: gesi iliyofika bila esansi. Kwa hiyo feza ya kwanza, mbele ya chupa ya kung'aa, ni ya swichi yenye kupima presyo ya esansi. Presyo ikishuka chini ya kipimo, inakata umeme wa elektrovana ya gesi. Ya pili ni swichi ya pedali: nitro ifunguke tu ukikanyaga mupaka chini. Ya tatu ni ile ya mizunguko, yenye kukataza chini ya 3.000 na kukata mbele ya mupaka wa juu wa moteri. Kisha buji za baridi zaidi, na alumaji ya kuchelewa. Kanuni ya mukono ya mafundi ni digrii 2 hivi kwa kila farasi 50. Na muanze na 50. Motokari ya farasi 120 ikipata 50, imepata karibu nusu ya nguvu yake juu ya ile ya kwanza, na klachi, na gia, na matairi, vyote vitaisikia. Breki haziongezwe na nitro.

Hukumu yangu, basi. Karibirateri: majimaji, na sahani. Injeksyo yenye kolekteri ya plastiki ya kona kona, dozi ndogo, na muko na fundi anayejua kuandika programu: kavu, bila kusita. Injeksyo bila fundi wa programu: majimaji yenye pua karibu na kipepeo cha hewa, dozi ndogo, na zile swichi tatu. Injeksyo bila fundi wa programu na bila feza ya swichi: usiweke kitu, nunua matairi. Na wale wenye kusema kama kavu ni ya watoto na majimaji ni ya wanaume, hao wanauza jikleri.

Chupa yenyewe inaomba maneno. Ya kawaida inabeba kilo 4 na nusu. Kwa dozi ya farasi 100, inaisha chini ya dakika mbili za kufungulia. Nimerudilia hesabu hiyo mara mbili mbele ya kuiandika. Dakika mbili, kisha unatafuta fasi ya kujaza tena, na kwetu hakuna stesheni ya nitro kwenye kona. Huko Marekani dakika mbili ni mbio kumi na zaidi za metre 402 kwenye barabara iliyofungwa, na ambulansi ikingoja. Kwenye lami yetu yenye kutembea watoto, baiskeli za makala na malori ya kuelekea Kasumbalesa, sioni hata sekunde kumi zake zitatumika wapi.

Presyo ndani ya chupa inafuata hali ya hewa, na hapa ndipo wengi wanaharibu moteri bila kujua. Kwa digrii 30, ni karibu bar 63, na ndiyo presyo ambayo jikleri zilihesabiwa kwayo. Asubui ya mwezi wa sita, wakati Lubumbashi inashuka chini ya digrii 10, presyo inafika karibu bar 40: gesi kidogo, na katika nitro ya majimaji esansi inabakia ileile, moteri inazama. Iache motokari juani mwezi wa kumi, madirisha yakiwa yamefungwa, presyo inapanda, gesi nyingi, esansi ileile, na tumerudi kwa pistoni yenye kutoboka. Juu ya digrii 36 hivi, ile maji ndani ya chupa haiko tena maji, ni gesi tupu yenye kusukuma kila upande. Katika robine kuko kadiski chenye kupasuka kwa makusudi mbele ya chupa kupasuka. Kikipasuka ndani ya motokari, gesi yote inajaa ndani na kufukuza hewa ya kupumua. Kwa hiyo bomba la kadiski linatolewa nje ya motokari, na chupa inafungwa na vyuma, haifungwe na kamba ya mupira.

Kisha kuko jambo ambalo ndilo lilinifanya nikubali kuandika. Kijana wa tatu, yule asiye na motokari, alisema: "Papa, kwa nini kununua? Katika atelye tuko na oksijeni ya sudire." Hapana. Hapana, na tena hapana. Nitro inaachia oksijeni yake ndani ya silindri tu, wakati joto limeivunja, na azoti iko pale ya kutuliza. Oksijeni safi haingoje. Iko ndani ya chupa kwa presyo ya bar 150 mupaka 200, ikikutana na mafuta ao grisi inaweza kuwasha moto bila kibiriti, na ndani ya kolekteri yenye harufu ya esansi inageuka bomu. Kila mwenye kusudire alifundishwa siku ya kwanza asiguse robine ya oksijeni na mikono ya grisi. Moteri ni grisi tupu. Tena ile chupa ni mali ya kompani, na kuitoa kwenye geti ni kufutwa kazi bila preavis. Hapo delege wa sendika atakusindikiza mupaka kwa ofisi ya wafanyakazi, lakini hatakuwa na neno la kusema.

Na nitro yenyewe, hata ile ya kununua vizuri, haiko mwanakondoo. Mwaka wa 2007, kule Mojave, California, wafanyakazi wa kompani ya Scaled Composites walikuwa wanajaribu kupitisha nitro katika mabomba ya mutambo wa roketi, bila hata kuwasha moto. Ililipuka. Watatu wakakufa, watatu wakaumia. Mwaka wa 2016, tarehe 28 mwezi wa 8, kule Cantonment, Florida, lori la kubeba nitro lililipuka kwenye usine ya Airgas. Mufanyakazi mumoja, mwenye alikuwa peke yake pale siku ya yenga, alikufa. Wachunguzi wa serkali ya Marekani, wale wa Chemical Safety Board, waliona kama jambo lenye kuelekea ukweli zaidi ni pompi iliyopata joto kupita kipimo wakati wa kuhamisha gesi, joto likaanza kuvunja nitro, na nitro ikivunjika inatoa joto lingine. Waliandika pia kama kompani haikuwa imechunguza hatari za kazi ile namna ilipaswa. Wenye kusoma ripoti za ajali za kwetu hawatashangaa na mustari huo.

Kisha mulipuko huo, nitro ilikosekana Marekani, na mbele ya Noeli ya mwaka ule hata krema ya kupuliza juu ya keki ilikosekana, maana gesi yenye kuisukuma katika kopo ni hiyohiyo. Magazeti yaliandika sana juu ya krema.

Mama wa nyumbani wenye kusoma ukurasa huu, neno moja kwenu. Gesi hii isivutwe. Ile ya motokari mara mingi inachanganywa na kiberiti kidogo cha hewa, chenye kunuka vibaya, ili mutu asiivute. Lakini vijana wanapata ile ingine, ya vikopo vidogo, Ulaya jambo hilo limekuwa shida kubwa. Kuivuta mara kwa mara kunaharibu kazi ya vitamini B12 katika mwili, na mishipa ya fahamu inaharibika: miguu inakufa ganzi, kutembea kunakuwa shida, na mara zingine hakuponi kabisa. Ukiona kopo ndogo za chuma na puto katika chumba cha mutoto, uliza.

Nabakia na swali la dereva wa benne, maana naye alifika, kisha kusikia kelele. Moteri ya mazutu inaweza kupata nitro? Inaweza, na ni nitro kavu peke yake. Moteri ya mazutu inamwaga mazutu yake yenyewe ndani ya silindri, na ule moshi mweusi unaouona ukipanda rampe na muzigo ni mazutu iliyokosa oksijeni ya kuiwasha. Nitro inaleta ile oksijeni, moshi unapungua, nguvu inapanda. Marekani wanafanya vile katika mashindano ya malori madogo ya kuvuta mizigo. Lakini benne ya tani 100 iko na turbo yake, ambayo inashugulika na urefu wa Kolwezi tangu asubui mupaka jioni bila kuomba chupa, na tena, ndugu dereva, ile benne haiko yako. Kama haipande rampe vizuri, andika katika daftari ya mashini mbele ya kushuka, tia sinyatire, na ubakie na kopi.